Sauti ya Bi Tatu na CD Yenye Kufuli

Kisa hiki ni changu mwenyewe, si cha kuambiwa na mtu. Ukitaka kuamini amini, usipotaka basi, maana hata mama yangu mzazi aliniambia ni joto limenipanda kichwani. Lakini nenda mtaani kwetu Ngamiani, uliza wanawake wa umri wangu kama Ijumaa ile hawakumsikia Bi Tatu akiimba, mwanamke ambaye kwa muda mrefu alikuwa hana sauti hata ya kumfukuza kuku. Watakwambia walimsikia.

Wanaosimulia mambo haya huanza na usiku wa giza, mbwa wanabweka, upepo unavuma. Changu kilikuwa mchana kweupe, jua la utosi, jasho linanitiririka mgongoni. Mashetani wa kwetu hawaogopi jua. Saa sita ya mchana ndiyo saa yao, na ndiyo maana tulipokuwa wadogo tulikatazwa kucheza nje wakati huo.

Kwanza nikwambie Bi Tatu ni nani. Alikuwa somo yangu, yeye ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo na yeye ndiye aliyenifikisha kwa mume. Alinifundisha yote anayopaswa kuyajua mwanamke wa pwani, isipokuwa kuimba. Kwenye kuimba alisalimu amri. "Mwari wangu," aliniambia, "Mungu kakupa mikono. Mdomo ufunge." Na ni kweli, nilikuwa nikiimba mbuzi wanaitika.

Yeye sasa. Miaka ile ya dhiki tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri mbele ya duka la ushirika. Bi Tatu akianzisha wimbo mbele, foleni nzima inaitikia mpaka nyuma kabisa. Niamini, nimewaona watu wamefika kaunta wakaambiwa sabuni imekwisha, wakarudi nyumbani bila kinyongo. Nionyeshe mwimbaji wa leo anayeweza hivyo.

Baadaye ikaja ruhusa ya kuleta bidhaa kutoka nje, maduka yakajaa kila kitu. Mfanyabiashara mmoja akamrekodi Bi Tatu wimbo wake mkubwa, akautoa kwenye CD. Biashara haikumkalia, akahama mji na mzigo wake wote, na Bi Tatu akabaki na CD moja tu. Kisha akaota uvimbe kooni, akapasuliwa. Uhai ulibaki, sauti ikaenda. Akawa mtu wa kunong'ona, tena kwa taabu. Binti yake wa pekee, Zuhura, alikuwa ameolewa Maskati. Akipiga simu kwa jirani, mama yake akipokea, Zuhura hasikii kitu ila pumzi. Ndipo akaomba apelekewe nakala ya ile CD, amsikie mama yake.

Nani wa kuinakili kama si mimi? Mimi na mume wangu tulikuwa na kiduka cha kuchoma CD, kompyuta moja tuliyoinunua mkononi mwa baharia. Bi Tatu akaniletea CD yake imefungwa kwenye kipande cha leso. Nilipoifungua niliguna. Watoto wa jirani walikuwa wameichezea sakafuni, imejaa mikwaruzo. Kwenye redio ubeti wa kwanza uliimbika vizuri, wa pili ukanasa, ukawa unarudia silabi moja mpaka uzime. Usiniambie ningerekodi kwenye kaseti. Nilirekodi, nikapata ubeti mmoja na ile silabi upande mzima.

Tegemeo langu lilikuwa kompyuta, kwa sababu kompyuta hurudia penye mkwaruzo mpaka ipate kilichofichika. Lakini yule mfanyabiashara alikuwa ameitia CD kufuli. Si kufuli la chuma, ni ujanja wa ndani, ili watu wa kazi yangu wasinakili. Redio inaisoma, kompyuta haiioni. Nikiitia, mashine inakoroma weee, kisha inaitema na kuniambia hamna kitu. Nilikasirika, usiseme. Zamani hakukuwa na cha kununua, sasa kipo, kimefungwa. Mwenye sauti yuko hai, amekaa barazani pake, anataka kumpelekea mwanawe sauti yake mwenyewe, na kufuli la mtu aliyehama mji linamwambia hapana. Hapo nani kamwibia nani?

Nilijaribu kila nilichosikia. Vijana wa intaneti waliniambia nipake ukingo kwa kalamu ya wino mzito, nikapaka. Nikasugua kwa dawa ya meno. Nikasugua kwa ganda la ndizi. La kuvunda halina ubani. Na Bi Tatu akipita dukani ananitazama usoni tu, kisha huyo, anakwenda zake. Alikuwa anakonda, na sote tuliona hana muda.

Basi Ijumaa hiyo wanaume walikuwa wamekwenda msikitini, mume wangu akiwemo, mtaa mzima kimya. Nikarudisha ubao mmoja wa mlango, nikajaribu tena. Mashine ikaitema. Hapo nikasema kwa mdomo wangu, bila bismillahi, neno ambalo somo yangu mwenyewe alinikataza kulisema saa hiyo. Nilisema, "Awezaye kuitoa sauti hii humu na aje aitoe, awe nani awe nani."

"Hodi," mtu akasema mlangoni.

Alikuwa mwanamume mzuri, sikufichi, na mume ninaye. Kanzu imenyooka, kofia ya viua, harufu ya udi imemtangulia. Joto lile la kuyeyusha mtu, yeye hana hata tone la jasho. Nikamkaribisha kigoda, akaketi. Adhana ikaadhiniwa. Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Wewe umewahi kumwona mtu amevaa hivyo siku ya Ijumaa, adhana inamwita, na yeye amekaa tu dukani kwa mwanamke? Nilitaka kusoma Ayatul Kursiyu ninayoijua tangu chuo cha Kurani, nikaukumbuka mwanzo wake tu.

"Nipa niitizame," akasema, kwa Kiswahili cha wazee wa visiwani.

Nikampa. Hakuitia kwenye mashine yoyote. Aliiweka kwenye kiganja, akagusisha ukucha juu yake, akawa anaizungusha polepole huku ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kisha akafungua kinywa.

Alikuwa Bi Tatu. Sisemi alimwiga, kuiga nakujua. Ilikuwa pumzi ile ile anayovuta kabla ya kupandisha sauti, na kile kicheko kidogo alichokiachia pale mpiga ngoma alipokosea siku ya kurekodi. Koo la yule bwana halikutikisika hata kidogo. Alipofika kwenye mkwaruzo alinasa kama CD inavyonasa, akarudia ile silabi, kisha akaivuka taratibu na kuimba beti zilizobaki, beti ambazo hakuna mashine iliyokuwa imeweza kunipa. Nilisahau kuogopa. Nimeona mafundi katika maisha yangu, wa kanzu, wa milango, wa kila kitu, lakini sijamwona anayeijua kazi yake namna ile. Hakupunguza, hakuongeza. Nililia, na nilikuwa nalia kwa raha.

"Namfuata tangu foleni za sabuni," akasema alipomaliza. "Nikisimama nyuma kabisa. Nyie hamkumtunza ipasavyo."

Nikamjibu kwamba ni kweli, hatukumtunza.

"Niiweke wapi?"

Nikamwonyesha CD mpya zilizokuwa kwenye kasha. Akatikisa kichwa. "Hizo hazina uhai. Haikai humo."

"Basi weka popote," nikasema.

Alinitazama kwa muda, kama muuza duka anayekupa nafasi ya kurudisha neno lako. Sikulirudisha. Akaomba sahani na maji.

Hapa wa bara watanicheka. Aliilaza CD kwenye sahani, akaimwagia maji, akaisugua kwa kiganja, na maji yakageuka rangi ya zafarani. Sisi tumelelewa kwa makombe. Aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji, unakunywa, na yaliyoandikwa yanaingia mwilini. Mtoto ana homa, kombe. Mtoto ana mtihani, kombe. Basi aliponisogezea sahani na kusema "Kunywa," mkono ulipokea kwa mazoea kabla akili haijauliza kitu. Nikanywa yote. Yalikuwa na ladha ya marashi.

Nilipoinua uso hayupo. Mume wangu ndiye aliyekuwa anaingia, anatweta. "Bi Tatu kapona?" akaniuliza. "Tumemsikia mpaka msikitini, watu wanaulizana." Nikamuuliza kama amepishana na mwanamume mlangoni. Hakupishana na mtu, ila alinusa udi, akadhani nimefukiza. Ile CD ilikuwa kwenye sahani, haina mkwaruzo hata mmoja. Nikaitia kwenye kompyuta, ikafunguka mara moja, kufuli hakuna. Na ndani hakuna kitu, tupu mwanzo hadi mwisho.

Nilikimbia kwa Bi Tatu. Sauti yake pekee iliyobaki duniani, mimi nimeifuta. Nilimkuta jikoni, nikapiga magoti, nikafungua mdomo kusema "Somo, nisamehe," na kilichotoka ni wimbo wake, kwa sauti yake.

Upawa ulimponyoka. Alijishika koo lake kwanza, kisha akalishika langu. Akafumba macho, akawa anapiga mdundo kwa vidole juu ya kinu. Nilipofika penye mkwaruzo nikanasa, nikawa narudia ile silabi na siwezi kuacha, na hofu ikanipata ya kubaki hivyo maisha. Akanipiga kofi la mgongo, nikaendelea. Nilipomaliza aliniinamia sikioni. "Hili ndilo lililokuwa limebaki kukufunza," alinong'ona, na alikuwa anacheka.

Nilimwimbia kila jioni mpaka alipofariki, na hazikupita siku nyingi. Zuhura hakuwahi maziko. Alinipigia simu, nikamwimbia mpaka majirani wamejaa mlangoni wanalia, na yeye kule hasikii kitu ila upepo. Tukajaribu kaseti, tukajaribu kompyuta, na zilipokuja simu za mkononi zenye kurekodi tukajaribu nazo. Zinanasa jogoo, zinanasa baiskeli inayopita, mimi hazininasi. Sijui niseme nini, ila naona kufuli lile halikupotea. Lilihamia kwangu.

Ikabidi Zuhura aje mwenyewe. Tulitandika mkeka chumbani kwa mama yake, akalaza kichwa kwenye mapaja yangu, mwanamke anayenizidi umri, nikaimba. Kisha akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha tangawizi yenye asali. "Unywe hiki," akasema, "na maji ya barafu uyaache kabisa. Jitunze koo, mama." Tangu hapo kila akija hunipa shikamoo. Mwanzo niliona haya. Sasa naitikia marahaba, maana nikimkatalia ni kama namnyima mama yake mara ya pili.

Usidhani basi ni heri tupu. Wimbo mwingine siwezi. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilitaka kumbembeleza kwa maneno ya mama yangu, ukatoka ule ule wa Bi Tatu. Na wa pili vivyo hivyo. Wanangu wakiniambia "Mama, tuimbie," wanamtaka mtu mwingine, na hawajui.

Nawe unayenisikiliza, kama una mtu wako ambaye sauti yake hutaki ikupotee, usingoje mashine. Kaa naye angali anaimba, ujifunze mwenyewe hata kama huna koo. Na mchana ule wa jua kali chunga ulimi, usimwite usiyemjua, na usimwambie mtu yeyote aweke kitu popote. Mimi yule bwana simlaumu. Alifanya kazi yake kwa ufundi ambao sitauona tena, na akirudi Ijumaa yoyote nitampa kigoda. Ila nitamwomba anirudishie ile sauti yangu ya kuitikiwa na mbuzi, kwa wimbo mmoja tu, wanangu waisikie.