Kidonge cha Saa Nane

Kifafa kilinianza nikiwa darasa la tano, na voliboli nikaianza darasa la sita. Mama husema kwangu mimi mambo hayo mawili ni chanda na pete, na tangu hapo yeye hajalala usingizi wa raha. Sasa nina miaka thelathini na kitu, bado napiga smashi, na mdomo wangu haujapungua makali hata kidogo. Maisha yangu nayapenda. Lakini Ramadhani ya mwaka juzi nusura niharibu kila kitu, na kwa mikono yangu mwenyewe.

Timu yetu ni ya wanawake wa hapa Tezo: wakulima, washonaji, wauza mboga, Waislamu na Wakristo mchanganyiko. Kocha wetu ni mwalimu mstaafu. Siku ya kwanza kabisa nilimweleza ugonjwa wangu, naye akanipa sharti moja. "Dawa usikose," alisema. "Siku ukikosa, uwanja huu hutaukanyaga tena." Nikakubali. Miaka miwili ikapita sijaanguka hata mara moja, na wenzangu wakawa kama wamesahau.

Vidonge vyangu ni vitatu kwa siku: asubuhi, saa nane mchana, na usiku. Nesi wa zahanati aliniambia nisifunge. Mama naye akasema, "Mola amekuruhusu, wewe ni nani ujikataze?" Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Tangu utotoni nimeitwa mgonjwa, nimeambiwa kaa mbali na jiko, kaa mbali na kisima. Angalau kwenye saumu nilitaka nihesabiwe na watu. Basi nikavipanga vidonge upya kwa akili yangu, kimoja wakati wa daku na kimoja wakati wa futari, cha tatu nikakiacha. Sikumuuliza mtu.

Siku kumi na mbili zikaenda salama. Ya kumi na tatu usingizi ukanishinda, nikazinduka adhana ya alfajiri inamalizika. Kidonge nilikishika mkononi, nikakirudisha kwenye kikopo. Nilijisifu moyoni kwa imani yangu, mjinga mimi.

Jioni ile tulicheza na wanawake wa Marereni, wale wa mashamba ya chumvi. Mikono imewakomaa kwa kubeba magunia, mpira wakiupiga unausikia mpaka kwenye meno. Seti ya pili niliruka kupiga smashi. Kutua sikukumbuki.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Watu walirudi nyuma wakiambiana, "Msiguse povu, msiguse povu," maana huku kwetu wengi wanaamini povu la kifafa likikugusa nawe umeshapata. Mwalimu peke yake ndiye aliyenilaza ubavu na kuniwekea leso chini ya kichwa. Mchezaji wetu wa pasi, huyu anayenilisha mipira yangu yote, alikimbia mpaka kwenye magoli ya uwanja wa pili.

Nilipozinduka nilikuwa na mchanga mdomoni na nimejikojolea. Mwalimu akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimeza?"

"Nilimeza," nikasema.

Akanipangusa mchanga mdomoni. "Basi kama ulimeza na bado umeanguka, dawa haikusaidii tena. Sitakuacha ufie uwanjani mwangu, binti. Mchezo umekwisha."

Lahaula. Uongo wangu ulikuwa umenifunga kamba. Nikisema kweli, nimevunja sharti. Nikishikilia uongo, mpira basi maisha. Nililia kwa hasira, hasira za kujikasirikia mwenyewe. Mwisho nikasema, "Sikumeza, mwalimu. Nilifunga."

Hakunigombeza. Aliniambia tu niende nikapumzike.

Baada ya siku chache alikuja nyumbani, akaketi mkekani na mama. Alisema ananisamehe mara hii moja tu, nirudie vidonge vitatu na saumu niiache. "Lakini hatuchezi mimi na wewe peke yetu," akaongeza. "Wenzako wakikataa, siwalazimishi." Alikuwa ameshamleta nesi mazoezini awaeleze kwamba lile povu ni mate tu, haliambukizi. Wote walitikisa vichwa kukubali. Mchezaji wa pasi ndiye aliyesema, "Nimesikia, lakini moyo haujakubali." Niliposikia hivyo iliniuma sana. Nilimtukana peke yangu jikoni, matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Siku ya mechi iliyofuata nilikwenda bila kujua kama nitacheza. Saa nane ilipofika nikajificha na kidonge changu nyuma ya darasa la shule iliyo kando ya uwanja, maana niliona haya kula mbele ya watu waliofunga. Nikasikia viatu. Ni yeye, mchezaji wa pasi, midomo imemkauka kwa saumu, kashika kikombe cha maji.

"Njoo umeze pale mbele ya watu," akasema. "Ukijificha, nani atajua?"

Nikatoka. Nikameza mbele ya timu nzima, yeye kasimama ananitazama kooni.

"Maliza maji yote. Haya. Pasi zako utazipata, na ukipiga nje nitakusema."

Tulifungwa seti tatu kwa mbili, na mbili kati ya pointi za mwisho nilipiga nje mimi. Alinisema kweli, mbele ya watu, nami nikamrudishia. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi vile.

Magharibi ikaadhiniwa tukiwa bado tumeketi mchangani, waliofunga na wasiofunga, tende katikati. Vikombe vilikuwa vichache. Akanyoosha mkono akachukua changu, kilichobakia nusu ya maji niliyokuwa nikinywa baina ya seti.

"Hicho nimekinywea mimi," nikamwambia.

"Nimekuona," akasema. Akapiga bismillahi, akanywa.