Wananitaka Niseme Stovu Ililipuka Yenyewe

(Aliyetuandikia ameomba tumfiche. Majina yote tumeyabadilisha. – Mhariri)

Mhariri, pamoja nanyi wasomaji wa ukurasa huu, niwieni radhi kwa kimya changu kirefu. Mlipoisoma barua yangu ya kwanza, ile ya kuwahimiza wanaume wa Gusii wawanunulie wake zao stovu za mafuta ya taa, wengi wenu mlituma maswali. Sikuyajibu kwa sababu mkono wangu wa kulia ulivunjwa, na plasta imeondolewa juzi tu. Leo sina mahimizo. Nina kisa cha damu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka hamsini na minane, mkazi wa Manga. Mke wangu, Moraa, alikohoa kwa miaka mingi, na macho yake yalikuwa mekundu asubuhi na jioni. Daktari wa misheni alimwambia waziwazi kwamba moshi wa kuni ndio uliokuwa ukimla kifua. Nikateremka Kisii mjini, nikanunua stovu katika duka la Mhindi mmoja ninayefahamiana naye.

"Mwalimu, pampu polepole," aliniambia. "Hii si baiskeli!"

Moraa aliizunguka stovu ile kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. "Baba Nyaboke, huu moto wa samawati unaivisha kweli?" Ugali uliiva. Baada ya miezi michache kikohozi kilipungua, naye akarudi kuimba kanisani siku ya Sabato. Majirani walikuja kutazama, na baadhi yao wakanunua zao.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wasomaji wa mbali huenda hawalijui. Katika nyumba zetu za nyasi, juu ya meko kuna dari la miti ambamo mbegu za wimbi huhifadhiwa. Moshi huzikausha mbegu hizo, huwafukuza wadudu, na hulinda paa lisioze. Hakuna aliyewahi kutufundisha hivyo, kwa maana moshi ulikuwapo siku zote. Tulipoyaacha meko yapoe, hakuna kati yetu aliyekumbuka dari.

Humo darini lilikuwamo kapu la mbegu la mama yangu, aliyeliweka kwetu baada ya nyumba yake kuangushwa na upepo. Mvua ilinyesha mfululizo. Siku mama alipoliteremsha kapu ili apande, mkono wake ulitoka na unga na wadudu. Hakupiga kelele. Aliketi chini, akasema, "Mmezima moto wa nyumba hii, na mbegu nilizopewa na mama yangu zimekufa."

Ndugu yangu mdogo, Ombati, alizipata habari hizo akiwa kilabuni. Alifika kwangu alasiri, amelewa chang'aa, panga mkononi. Moraa alikuwa akipika mboga za chinsaga, nami nilikuwa humo ndani.

"Toka nje, mke wa mwalimu!" alifoka. "Nyumba haitoi moshi, kama nyumba ya mchawi. Mnapika nini mnachotuficha?"

"Shemeji, keti," Moraa alimjibu bila kugeuka. "Mboga ziko karibu kuiva. Ukishashiba utatukana vizuri zaidi."

Ombati aliipiga sufuria kwa ubapa wa panga, ikaanguka. Kisha akaiinua stovu ikiwa inawaka, akamtupia kifuani. Mafuta yalimwagika juu ya leso aliyojifunga, na mke wangu akawaka mbele ya macho yangu. Nilimfunika kwa blanketi, nikalala juu yake ili niuzime moto. Nikiwa katika hali hiyo, ndugu yangu alinipiga mkononi kwa mgongo wa panga, nikasikia mfupa ukivunjika. Niliinuka, nikauokota mchi kwa mkono wa kushoto, nikampiga mdomoni. Alipoanguka nilimpiga tena, na tena, hata meno yakatoka. Majirani ndio walioninyang'anya mchi. Wangechelewa kidogo tu, ningeua.

Polisi walimchukua Ombati, na kesi imekaribia. Wazee wa ukoo wamekuja kwangu. "Mwalimu," walisema, "sema stovu ililipuka yenyewe. Ni kitu cha Wazungu, hakimu ataamini." Mama naye alinishika magoti. "Nina wana wawili. Usinibakishie mmoja." Watoto wa Ombati wanakula kwangu tangu baba yao akamatwe. Yeye mwenyewe ametuma neno kutoka rumande kwamba nikimfunga, siku atakayotoka atamaliza alichokianza.

Uongo huo umekwisha kutembea hata kabla sijausema. Jirani mmoja ameitupa stovu yake chooni kwa hofu. Mwingine, ambaye mke wake anakohoa kama alivyokohoa Moraa, ameniambia usoni, "Mwalimu, ulitaka kutuchomea wake zetu."

Nilikwenda hospitalini alikolazwa mke wangu, nikamweleza wanayoyataka wazee. Ngozi ya kifua na shingo imeungua, hivyo husema kwa shida.

"Mimi nilichomwa na mtu," alisema. "Ukimwambia hakimu kwamba nilichomwa na stovu, usije tena kunitazama. Nikitoka hapa nitakwenda kwa kaka zangu kule Ekerenyo."

Wasomaji, nikisema kweli, namtia ndugu yangu gerezani, na mama yangu huenda asiuone mwisho wa kifungo hicho. Nikisema uongo, nampoteza mke, na wanawake wa kilima hiki watarudi kwenye moshi kwa ushahidi wangu mimi niliyewatoa humo. Nawauliza hasa ninyi mlionunua stovu kwa kunisikiliza: mngesimama mahali pangu mbele ya hakimu, mngetamka nini? Msiniambie niombe, kwa maana ninaomba kila siku. Niambieni la kusema.

Nikishaamua, nitawaandikia.