Mtu Aliyeanguka kwa Ngusa

Mafundi wa Kahama wana utani wao: ukitaka kula vizuri, fanya kazi kwa Ngusa, ukitaka kulala vizuri, anguka kwa Ngusa. Zamoyoni alikuwa akiurudia utani huo kuliko wenzake wote, mpaka siku moja ya Machi alipokuwa akiezeka ghala la mpunga, mrunda, mti uliobeba jukwaa, ukakatika, akashuka nao mpaka kwenye zege. Nyonga ilivunjika, na paja la kushoto likavunjika mara mbili.

Ngusa ni mkandarasi mdogo wa mapaa. Ana miaka hamsini na minane, pikapu moja, ngazi nne na mafundi tisa. Siku ile hakusubiri mtu. Alimpakia Zamoyoni juu ya magunia, akakaa naye nyuma ameshika kichwa chake mapajani, huku fundi mwingine akiendesha. Hospitali alilipa yeye. Mgonjwa aliporuhusiwa, hakumrudisha kwake Ibadakuli kwa mkewe Chausiku na mtoto mchanga. Alimleta nyumbani kwake, akampa chumba cha Mbuke, binti yake aliyeolewa Nkome. Alipomnunulia mbuzi wa supu, Ngusa, ambaye ni mtu wa kanisani, alimwita jirani yake Ahmad ashike kisu, ili mgonjwa asile kwa mashaka.

"Ahmad, chinja vizuri," alisema. "Huyu akikataa supu nitakuuguza wewe."

Haya hayakuanza kwa Zamoyoni. Ujanani Ngusa aliezeka nyumba Geita kwa tajiri mmoja, pamoja na rafiki yake Masalu. Masalu alipoanguka na kuvunjika mgongo, tajiri alimpa Ngusa nauli ya mtu mmoja na mkungu wa ndizi, akamwambia ampeleke stendi. Ngusa alimpeleka. Alimweka kwenye kiti cha dirishani, akaweka ndizi miguuni pake, basi likaondoka. Masalu hakumtazama. Tangu siku ile Ngusa alijiapia kwamba mtu akianguka kwenye kazi yake, atakula kwenye sahani yake mpaka atembee. Kiapo hicho amekishika miaka thelathini, na ndicho kilichomponza.

Kwa maana Ngusa alikuwa mwanachama wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na alilipa kila mwezi bila kukosa. Kwa kila shilingi mia ya mshahara anayomlipa fundi, yeye mwajiri anatoa senti hamsini, kutoka mfukoni mwake, si kwa kumkata fundi. Bila cheti cha mfuko hapati zabuni ya maana, basi akalipa. Kila mwisho wa mwezi alisimama mlangoni kwa Loveness, dada wa steshenari karibu na stendi, na kusema, "Nilipie ule ushuru wangu." Miaka minne. Ila kwenda kwenye mfuko huo na kusema mtu wangu ameumia, mchukueni, hilo kwake lilikuwa ni kumpeleka Masalu stendi mara ya pili.

Kwa hiyo hakusema. Miezi mitano Zamoyoni alikula ugali wa Mama Mbuke, akapakwa mafuta, akafundishwa kutembea na magongo uani. Mfupa uliunga, lakini uliunga mfupi. Daktari alisema atatembea, ila juu ya paa asahau. Ngusa alimjibu daktari kwamba hakuna shida, kwake hapakosekani chakula.

Chausiku alikuwa akija Jumamosi na mtoto. Kila mara alipiga magoti kushukuru, na kila mara Ngusa alimwinua. Siku moja aliuliza polepole, "Baba Mbuke, na sisi kule Ibadakuli tujipangeje?"

"Shida yoyote, sema."

"Haya, baba," alisema Chausiku, akaangalia chini. 

Mwezi wa Agosti, asubihi moja, Ngusa alisikia fagio uani. Alijua mkono wa mkewe na fagio. Huu haukuwa wake. Mikwaruzo miwili, kimya, mikwaruzo miwili, kimya. Alitoka. Zamoyoni alikuwa amebana gongo moja kwapani, fagio mkono wa pili, anafagia kipande, anasogea, anafagia kingine. Fundi aliyekuwa akitembea juu ya kenchi za paa kama mtu aliye barazani kwake. Nusu ya uwanja ilikuwa tayari imefagiliwa.

"Unafanya nini?"

"Nafagia, Baba Mbuke. Shikamoo."

"Marahaba. Naona unafagia. Wanawake wa nyumba hii wamehama?"

"Wapo. Na mimi nipo."

"Umeanza lini?"

Zamoyoni alicheka kidogo. "Wiki mbili. Leo ndiyo umewahi kuamka."

Ngusa alimnyang'anya fagio, akabaki nalo hajui aliweke wapi. "Nani kakwambia ulipie chakula hapa? Mama Mbuke?"

"Mama Mbuke akijua atanipiga nalo hilo." Zamoyoni alijishusha kwenye kigoda, mguu mfupi mbele. "Baba Mbuke, sikiliza. Juzi Chausiku alinipigia, mtoto hana sabuni. Sabuni tu. Nilikaa kutoka adhuhuri mpaka magharibi natafuta namna ya kukuomba."

"Nimewahi kukunyima?"

"Hata siku moja. Ndiyo maana inakuwa ngumu. Ungekuwa unaninyima, ningekutukana, roho ikapumua."

Ngusa alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye njaa, mtu mwenye maumivu, hata mtu mwenye hasira. Huyu aliyekaa mbele yake alikuwa ameshiba, na alikuwa anakwisha. Na kesho? Mwakani? Mwanaume wa miaka thelathini na mmoja atafagia uwanja wa mwenzake mpaka lini, huku haki yake imelala kwenye mfuko kwa sababu mtu mwema ameona aibu kuiulizia? Wema huo, ukiutazama bila kuuonea huruma, ulikuwa umemfunga kuliko mfupa uliovunjika.

Alivaa viatu bila kunywa uji, akaenda kwa Loveness.

"Karibu, Baba Mbuke. Ushuru? Mbona mwezi haujaisha."

Alimweleza. Loveness aliacha kupiga chapa.

"Ulikuwa unalipa hii hela ukidhani ni sadaka?"

"Usinicheke, mwanangu."

"Sicheki, nataka kulia. Hospitali ingelipiwa. Kwa miezi yote asiyofanya kazi angepata sehemu ya mshahara wake. Na mguu ukibaki hivyo, unapimwa, analipwa kwa ulemavu. Mkononi mwake yeye, si mwako."

"Ule mrunda niliununua mimi. Nilipaswa kuukagua."

"Andika hivyo hivyo. Hawaanzi kwa kuuliza kosa la nani. Wanauliza aliumia kazini au hakuumia."

Loveness alipiga simu kwenye mfuko, akaweka sauti nje ili wote wasikie. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho. "Mzee, ulitakiwa kutoa taarifa mapema sana. Kwa kuchelewa huko utajieleza wewe. Ila fundi wako bado yumo ndani ya mwaka mmoja wa kudai. Hajapoteza."

"Nitajieleza," alisema Ngusa. Jasho lilikuwa limemlowesha shati mgongoni. Alijaza fomu kwa herufi kubwa, akiuliza kila mstari, na palipoandikwa sababu ya ajali aliandika: mrunda mbovu wa mwajiri.

Mama Mbuke hakufurahi. "Watu watasema umemtupa kwa serikali."

"Waseme."

"Na wewe utalala?"

"Sijui," alisema Ngusa, na lilikuwa jibu la kweli.

Zamoyoni alipimwa, akarudishwa kupimwa tena, karatasi zikaenda na kurudi. Ngusa aliandikiwa barua ya kujieleza, akajieleza. Wiki moja baada ya malipo ya kwanza kuingia kwenye simu ya Zamoyoni, pikapu ilimrudisha Ibadakuli na magongo yake. Chumba cha Mbuke kikabaki na harufu ya dawa ya kuchulia. Siku mbili tatu usiku Mama Mbuke alijisahau, akapakua sahani moja zaidi.

Mwezi uliofuata, Jumapili mchana, kulipigwa hodi getini. Zamoyoni alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, Chausiku amebeba mtoto na kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa karatasi. Mtu aliyeishi ndani ya nyumba hiyo zaidi ya miezi sita alisimama nje, anangoja kukaribishwa.

"Ingia, unangoja nini?" Mama Mbuke alisema kutoka jikoni.

"Nangoja mwenye nyumba," Zamoyoni alijibu. "Nimekuja kumtembelea."

Ngusa alitoka hajafunga vifungo vya shati. Alipokea sukari kwa mikono miwili, kama ipokelewavyo zawadi, akamwonyesha Zamoyoni kile kiti cha sebuleni ambacho huwapa wageni tu. Kisha akaenda uani kumkamata jogoo, akimwita Ahmad kwa sauti juu ya ukuta.