Keria Iliyoondoka na Lango

Niahidini hamtacheka, ingawa najua mtacheka, maana hata mama yangu mzazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Cheyo hapa Tabora, na kazi ninayojivunia ni keria za kubebea mizigo juu ya magari ya zamani, zile Landrova ambazo keria zake huzipati dukani, lazima mtu akae apime, akate, achomelee. Juu ya lango la karakana nilikuwa nimeweka upinde wa chuma wenye bango la maandishi mekundu: VIPIMO NDIYO SISI. Likumbukeni hilo bango.

Siku hizo nilikuwa nimeshatuma mshenga kwa kina Zuhura na jibu lilikuwa bado, kwa sababu mwenye neno la mwisho pale kwao ni mjomba wake, Mzaramo mmoja mwenye Landrova kuukuu anayoendea kufuata asali Ulyankulu. Aliposikia anayeposa ni fundi wa keria, akaniletea gari nimtengenezee. Nikajua huu ndio usaili wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ninyi Wanyamwezi bado mnabeba mizigo vichwani, au siku hizi mna akili?"

Msishangae, sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka na mizigo hadi pwani, kwa hiyo Mzaramo akifungua mdomo mimi nacheka kwanza, maana yake naitafuta baadaye. Basi mjomba akaitazama miguu ya keria niliyokuwa nimeikata, akalitazama lango, akasema, "Punguza hiyo miguu, mtani. Gari halitapita hapo."

Nikacheka! Nikampigia na makofi! Mzaramo anifundishe mimi kipimo? Alipoondoka tu, kwa ubishi wangu, nikaitupa miguu ile nikakata mingine, mirefu zaidi kwa vidole viwili vizima, wala sikulipima lango (na futikamba ilikuwa mfukoni, wallahi, mfuko huu huu).

Kesho yake mjomba angekuja saa nne kuchukua gari. Saa tatu nikaliwasha nilitoe barabarani, liking'aa rangi, watu walione. Kwaa! Keria imegota kwenye upinde, imezidi vidole vitatu. Jasho likanitoka. Kukata siwezi, umeme umekatika, na msumeno wa mkono ungenichukua mpaka adhuhuri. Nikatoa upepo kwenye matairi, nikapata vidole viwili, bado kimoja. Hapo ndipo akili yangu ikanituma kwamba gari likijaa watu springi zitalala.

Nikaita watu. Akaja mama ntilie wa jirani, mama mwenye mwili wake, wakaja wateja wake watano na vikombe vya chai mkononi, wakaja na mafrateri wawili wa seminari ya Kipalapala waliokuwa wanapita zao (Mungu awabariki, hawakuuliza kitu). Wote ndani. Gari likalala, nikaanza kusogea taratibu, keria ikaingia chini ya upinde, nusu ikapita, mwenyewe nikaanza kupiga mluzi.

"Maharage yangu yanaungua!" Mama ntilie huyo, mlango wazi, chini! Wateja wakaona chakula chao kinaungua, nao wakaruka. Springi zikapanda juu zote kwa pamoja, keria ikaubeba upinde, ukang'oka kwenye nguzo, na mimi kwa kiwewe mguu ukakanyaga mafuta badala ya breki. Nikatokea barabarani matairi yamelegea, mafrateri wawili nyuma wanasali, na kichwani kwa gari limekaa bango langu, mbele ya bodaboda iliyokuwa inamshusha mjomba.

Akalizunguka gari. Akasoma kwa sauti, polepole, ili mtaa mzima usikie: "Vipimo... ndiyo... sisi." Kisha akaniuliza, "Fundi, keria niliiagiza. Hili bango ni nyongeza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mpaka jioni hata watoto wa mtaa wa Chemchem walikuwa wanaimba vipimo-ndiyo-sisi, na mimi nikahesabu kwamba Zuhura ndiyo basi tena.

Wiki ile ile mshenga akaitwa. Kwa kawaida mwenye kuposa hubaki kwao, lakini mjomba alitaka niletwe mwenyewe, tena na futikamba. Nilipofika akanisimamisha nje, akashika ncha moja, nikaupima mlango wao juu na upana mbele ya wazee wote, Zuhura akichungulia dirishani mtandio mdomoni, mabega yanamtikisika. Ndipo nikaruhusiwa kuingia.

"Mtani," mjomba akasema, "juzi nilikwambia kweli ukacheka. Leo nakwambia tumekubali, Zuhura ni wako. Haya, cheka."

Sikucheka, jamani. Tangu siku ile nimeapa sitamcheka Mzaramo kabla sijapima alichosema. Nilimwomba arudie tena, polepole, mshenga wangu akiwa shahidi.