Viganja Vinne vya Mpira

Kabla ya kuingia kwenye gari la mtu, Papa Damas huvua viatu. Huvua na soksi kama anazo, akavipanga kando ya mlango kama mtu anayeingia nyumba yenye zulia jipya, kisha akaketi kiti cha abiria na kubandika nyayo sakafuni. Wageni hucheka. Wenyeji wa Likasi walishaacha kucheka zamani, maana wengi wamemwona mzee yule akizungushwa mtaa mmoja tu, akashuka, akasema ni bolti gani imelegea na iko upande upi.

Masikio yake yana shida. Miaka ishirini na mitatu alitengeneza malori ya kubebea mawe, yale ambayo tairi moja linamzidi mtu kimo, na ngurumo za injini zikamla masikio taratibu. Mwingine angekaa nyumbani kulalamika. Yeye alijifunza kusikiliza kwa miguu. Alipostaafu alifungua gereji uani kwake, mabati manne na shimo moja la kusimama chini ya gari, akachagua kazi ambayo mafundi wengine waliikimbia: amortisa zinazozuia gari lisidundedunde, springi, na namna gari linavyoshika barabara. Injini hagusi. Ukimpelekea injini atakuambia, kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, uende kwa wenye masikio.

Huyo ndiye ambaye Bibiane alimwendea Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea.

Bibiane anafundisha hesabu Mulungwishi, nje ya mji, katika shule anakosoma bintiye. Gari lake ni Pejo 205 GTI, dogo, jekundu, la zamani, lenye injini ya hasira. Lilikuwa la mumewe Jean-Luc, fundi umeme, aliyelipenda mpaka watu wakamtania kuwa ana wake wawili. Jean-Luc alifariki kwa maradhi miaka miwili iliyopita. Bibiane akalirithi gari, akalizoea, hadi asubuhi moja ya mvua kwenye kona ya mikalitusi, njiani kwenda kazini. Mkia wa gari ulimponyoka. Aliona barabara, akaona miti, akaona barabara tena, wakasimama majanini pua ikitazama Likasi walikotoka. Hakuna aliyeumia. Lakini Tina, binti yake wa miaka kumi na sita, alishuka, akasema:

"Papa alituachia motokari ya kutuua."

Tangu siku hiyo Tina alikwenda shule kwa taksi-basi. Mama na binti walitoka nyumba moja, saa moja, wakaelekea mahali pamoja, kila mmoja kivyake. Mtu wa vipuri alikuwa tayari kulichukua gari Jumapili alikate vipande, na Bibiane alikuwa amekubali kwa mdomo. Ila kila alipoiwaza Jumapili hiyo, alimwona Tina akikua na sentensi ile moja ndiyo kumbukumbu ya baba yake, na moyo ukakataa.

Papa Damas alivua viatu, akaketi, akafumba macho.

"Tembea, Mama Tina. Pole-pole, alafu nguvu, alafu pole-pole."

Walizunguka mitaa miwili. Bibiane aliibia jicho zile nyayo zilizopasuka, vidole vikisogea kidogo kila gari lilipopita shimo. Waliporudi uani mzee alishuka, akalala kifudifudi kwenye vumbi akitazama magurudumu ya nyuma, akainuka.

"Fungua coffre."

Ndani ya buti kulikuwa na mifuko miwili ya saruji, mipya, haijafunguliwa.

"Hii ni nini?"

"Ni ciment, Papa Damas." Bibiane alisema kwa sauti ya juu, na kwa fahari kidogo, maana ilikuwa akili yake mwenyewe. "Motokari ilikuwa inaruka-ruka kwa nyuma. Nikaona mukia iko mwepesi. Minye ni mutoto wa Kakontwe, kule kwetu bote banawekaka ciment nyuma wakati wa mvula, juu pneu zishike njia."

Hakusema uongo. Kakontwe ni mahali pa chokaa na saruji; baba yake na wajomba zake wote walipakia mfuko mmoja au miwili nyuma ya gari masika yalipoanza, matairi yashike barabara, na hakuna aliyewahi kuteleza. Papa Damas alitikisa kichwa polepole.

"Kwa camionnette, ile ya kubeba muzigo, banafanya muzuri. Ile inasukumwa na pneu za nyuma. Hii inavutwa na za mbele. Weye umeweka kilo mia moja kwa mukia wa kintu ya kukimbia." Akanyoosha mkono wake mrefu. "Beba ndoo ya mayi hivi, alafu geuka mbiyo, alafu simama. Ndoo nayo itasimama?"

"Hapana. Itanivuta."

"Njo vile ilifanya."

Mwalimu wa hesabu hahitaji kuelezwa mara mbili. Aliuona uzito ule ukizunguka nyuma ya mgongo wa mwanawe, akakumbuka kuwa katikati ya kona alishtuka na kuachia mafuta ghafla, na kwamba mifuko ile aliipakia wiki moja tu kabla.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alileta ubao uliopakwa rangi nyeusi na kopo la chokaa ya Kakontwe iliyokorogwa na maji. Akainua gurudumu kwa jeki, akapaka chokaa kwenye mpira, akaweka ubao chini yake, akashusha gari lote, akaliinua tena. Kwenye ubao palibaki mstari mweupe, mwembamba, hauzidi vidole viwili.

"Nani alitia upepo humu?"

"Ni minye niliomba banijazie sana. Juu ya ule muzigo."

"Umeifanya kuwa jiwe. Na tena imezeeka." Aligandamiza ukucha kwenye mpira, ukucha haukuingia. Akapunguza upepo, akapaka chokaa upya, akarudia. Safari hii alama ilitoka pana, ya mviringo, ukubwa wa kiganja. Akaweka kiganja chake juu ya ile alama, kikalingana nayo.

"Angalia, Mama Tina. Motokari yote, injini, viti, weye, mutoto wako, mawazo yako, yote inashikwa na viganja ine kama hii. Hakuna kingine kinagusa chini. Minye niko na miaka makumi ine naangalia hii kintu, na bado inanishangaza."

Bibiane aliinama, akaweka kiganja chake palepale. Miaka yote alikuwa akipita barabarani na maisha yao mikononi mwa vitu vidogo hivyo, kwa kasi ile, kwenye maji, na havikuwahi kuomba shukrani. Alijisikia kama mtu aliyeonyeshwa moyo wake mwenyewe ukidunda.

"Kumbe ni minye," alisema, karibu kwa kunong'ona. Mzee alisoma midomo yake.

"Ni weye, ni bazee ba Kakontwe, ni pneu zimezeeka, ni amortisseur za nyuma zimekufa. Jean-Luc hapana. Ile motokari aliichunga muzuri. Ni miaka mbili hii njo imeichosha." Kisha, bila kuzunguka: "Utamwambia mutoto?"

Bibiane alisema ndiyo. Jumatatu ilipita, Jumanne, Jumatano, naye kila jioni akimpakulia Tina chakula na kumeza maneno.

Huku uani Papa Damas alifanya kazi amelala kwa tumbo. Aliufungua mhimili wa nyuma, akatoa beringi zilizosagika mpaka magurudumu yakawa yamelala kwa ndani kama miguu ya mbuzi mlevi. Mpya zilitoka Lubumbashi pamoja na amortisa mbili na matairi manne ya mpira laini. Kila alichokaza alikiwekea kiganja, akangoja, kama anayepima homa. Ijumaa aliligandamiza gari kwa nyuma mara moja na kuliachia. Likapanda, likatulia. Halikurudia. Papa Damas akacheka peke yake.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bibiane alimkuta Tina akiosha vyombo, akasimama mlangoni na koti mkononi.

"Tina, ile siku kwa virage ya mikalitusi, kosa haikukuwa ya motokari. Ni minye nilitia ciment kwa nyuma, na ni minye nilijazisha pneu. Motokari ya papa yako haikukosa kintu."

Tina hakugeuka. "Unayua tangu siku gani?"

"Tangu lundi, siku nilimupelekea Papa Damas motokari."

"Na ulinyamaza juu ya nini?"

"Niliogopa utanichukia minye, pahali pa motokari."

Sahani ilibaki mkononi mwa Tina, maji yakidondoka. Kisha akaiweka, akafuta mikono kwenye sketi, akaenda kukaa garini bila koti. Bibiane alimfuata akiwa hajui kama amesamehewa au anahukumiwa.

Papa Damas walimpitia. Alikaa nyuma, miguu mitupu, akamwambia Bibiane jambo moja tu: "Punguza mbele ya virage. Ukisha kuingia, usiachie accélérateur, ile ya mafuta. Shika ile-ile mpaka utoke."

Mikalitusi ilitokea ikiwa imelowa, na kona ikajikunja mbele yao, lami ikimetameta. Tina alishika kamba ya mlango kwa mikono miwili. Bibiane alipunguza, akaingia. Kila mshipa mwilini mwake uliomba mguu uinuke. Hakuuinua. Akahisi gari likikaa chini, likiinama kidogo kwa nje na kukoma hapo, na chini ya kiti chake kitu kikauma barabara, kikashikilia, kikaendelea kushikilia. Maji yalichapa chini ya sakafu. Mkia ulifuata pua kama ulivyopaswa kufuata siku zote. Walitoka upande wa pili, barabara imenyooka, na Bibiane akagundua kwamba analia na wala hajali.

Kwenye kioo, Papa Damas alikuwa bado amefumba macho. Tina aliachia kamba ya mlango na kutazama nyuma, kule kona ilikobaki kwenye mvua.

"Papa alikuwa anapitaka hapa hivi?"

"Kila siku. Na alikuwa anaimbaka."

Tina akageuka, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Rudia, mama. Tupite tena."