Hewa ya Chumba cha Bugendana

Ka-ka-ka-ka! Ni meno ya mdogo wangu, asubuhi yetu ya kwanza Bugendana. Bado nayasikia. Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, kwenye joto, na milima ya Gitega ikatupokea kwa baridi tusiyoizoea. Sisi wengine tulicheka. Yeye ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Baridi ikimgusa tu, vidole na magoti vinamuuma mpaka analia bila sauti.

Shangazi, muuza vitenge wa Muyinga, akaja kututunza na jiko lake la makaa. Akaliingiza chumbani, chumba kisicho na dirisha, akatundika kitenge mlangoni.

"Baridi ya huku iko na meno," akasema. "Mi nitamuoka huyu mutoto kama muhogo!"

Tukaokwa wote. Kesho yake vidole vya mdogo wangu vilivimba, kichwa kikamuuma, akawa anahema. Tukambeba hadi kituo cha afya, wakampa hewa ya mtungi na dawa ya maumivu.

Muuguzi akauliza tunalala vipi. Shangazi akalisifia jiko lake. Muuguzi akashika kichwa.

"Mama, makaa yanakula hewa, na sumu yake isiyo na harufu inaingia kwenye damu. Chembe za damu za mtoto huyu zikikosa hewa zinajikunja kama mundu. Vimishipa vidogo navyo vinakasirika: kuta zinavimba, zinanata, chembe zinakwama. Mbele ya pale hewa haifiki, basi vinazidi kuvimba."

"Kama njia ya soko siku ya mvua," shangazi akasema polepole. "Mmoja akikwama kwenye tope, wote wanakwama."

"Hivyo hivyo."

"Eh! Kumbe mi nilikuwa namuua kwa mapendo?"

"Mpende kwa blanketi, mama."

Tuliporudi nyumbani, jiko likahamia uani. Nikamwambia shangazi kitenge nacho kinazuia hewa, akakataa kiguswe. "We na darasa lako la sita, nyamaza!" Nami kila nikifumba macho naviona vile vimishipa: vijia vyembamba vya mlimani, vimejaa watu wenye mizigo, wanatukanana.

Shangazi alipoenda sokoni, mdogo wangu alikuwa amelala. Nikamfunika mpaka kidevuni. Nikapanda kwenye kigoda, nikachokonoa kwa kisu tofali moja la udongo karibu na paa, mbali na kitanda, mpaka likatoka. Nikaingiza mkono kwenye tundu. Hewa ilikuwa inaingia, baridi kama pua ya mbuzi.