Mikono Mitupu Hadi Beni

Vijana huniuliza ilikuwaje watu wazima wakatembea kwa miguu siku mbili kutoka Butembo hadi Beni ili kuwasaidia wakimbizi. Nawaeleza polepole. Ujinga ukielezwa haraka hufanana na akili.

Ilikuwa wakati wa vita. Butembo ilikuwa na wakubwa wake wenye bunduki, Beni na wake, na barabara ya katikati ilikuwa ya yeyote aliyeamka mapema na silaha. Beni ilijaa watu waliokimbia vijiji vyao. Walilala madarasani na makanisani. Kamati moja ya watu wema ikaamua kuandaa matembezi ya timu. Kila timu watu kumi, fulana nyeupe, kitambaa cha rangi shingoni. Kadiri tutakavyotembea, ndivyo wafadhili wa ng'ambo watakavyotoa msaada. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikapewa timu ya akina mama wa kanisa letu, niwafafanulie.

"Mwalimu," akasema mmoja wao, aliyebeba viazi mgongoni kila juma kutoka Musienene hadi sokoni Butembo, "kama kutembea inazalaka chakula, miye ningekuwa tajiri tangu zamani."

Wakacheka. Nikawaelezea upya, kwa upole, kama ninavyoeleza hesabu ya kugawanya.

Kusema kweli nilikuwa na sababu yangu. Dada yangu mkubwa alikuwa miongoni mwa wakimbizi wale, yeye na watoto wanne. Mzee mmoja wa pembezoni mwa Beni alikuwa amemwazima kipande cha shamba, kwa sharti moja: sehemu yoyote ambayo ingekuwa haijapandwa kufikia Jumamosi, kabla ya mvua, ingekwenda kwa familia nyingine. Dada hakuwa na mbegu. Nyumbani kwetu mbegu ya kuanzia maisha hainunuliwi sokoni; hutoka mkononi mwa mama au ndugu. Kwa hiyo mama alichagua maharagwe, moja moja, yaliyochujuka akayatupa, akajaza mfuko na kunikabidhi. Kupita barabara ile peke yangu ilikuwa kujitafutia kifo. Matembezi yalikuwa na ruhusa ya pande zote mbili. Nikajiandikisha.

Alhamisi asubuhi tukakusanyika uwanjani. Akina mama wote walikuja na mizigo mgongoni, kamba pana imepita kwenye paji la uso, kama mtu yeyote mwenye adabu anayekwenda kuona waliopatwa na msiba. Msimamizi wa kamati, kijana wa mjini mwenye filimbi, nusura aimeze.

"Hapana mizigo! Mutaonekana kama bale banakimbia! Hii ni marche, matembezi, si kukimbia vita. Picha itaenda mbali."

Akaamuru kila kitu kipakiwe kwenye kamyoneti, gari dogo la mizigo la kamati. Akina mama wakanitazama mimi. Nami, kwa kuwa nilizaliwa na ugonjwa wa kueleza, nikaeleza: mizigo itatangulia, tutaikuta Beni, miguu itakuwa miepesi, filimbi itatuongoza. Nilieleza vizuri sana. Wakafungua kamba zao, mmoja baada ya mwingine. Nikaupakia na mfuko wa mama.

Alikataa mmoja tu, bibi kizee tuliyemwita Koko, kama kila nyanya anavyoitwa kwetu, aliyekuwa anampelekea binti yake kule Beni mbegu za maharagwe.

"Miye sijuwe kutembea bila muzigo," akasema. "Shingo itaniangusha nyuma."

"Koko, tafadhali, kamyoneti..."

"Kamyoneti iko na miguu? Mwalimu, fundisha batoto."

Msimamizi akamweka mwisho kabisa wa msafara, asiharibu picha.

Tukaondoka kwa safu za wanne wanne, fulana zote za kipimo kimoja: akina mama wembamba walivaa magauni, wanene walivaa vitambaa vya kujifutia jasho. Msimamizi alipuliza filimbi ili tulinganishe hatua. Watu hawa walikuwa wanatembea tangu walipoacha kutambaa, na sasa walifundishwa kushoto, kulia. Tukalala kanisani Maboya. Miguu iliyouma ilikuwa ya kamati.

Ijumaa, karibu na Kabasha, tukaingia kijijini na kukuta hakuna mtu. Sufuria zilikuwa motoni. Jembe lilikuwa limeachwa katikati ya mtaro, mpini juu. Ilinichukua muda, mimi mwenye kueleza wengine, kuelewa jambo ambalo mtoto wa kijiji chochote cha Kivu angelijua: watu wengi, nguo moja, safu zilizonyooka, filimbi. Nani mwingine alitembea hivyo siku zile? Kijiji kizima kilikuwa kimelala kifudifudi migombani, kikituogopa sisi, msafara wa huruma.

Msimamizi akapaza sauti: "Mujitokeze! Tuko ba amani!" Majani hayakutikisika. Wenye bunduki nao husema hivyo.

Kisha Koko akatokea nyuma, peke yake, ameinama chini ya mzigo, anahema na kulalamikia mlima. Mwanamke mmoja akainuka kutoka migombani, matope kifuani.

"Wee! Bako na koko mwenye muzigo," akawaita wenzake. "Ni batu tu! Mukuye!"

Wakatoka wakicheka kicheko cha waliokwisha kufa kidogo. Wakampa Koko maji ya kwanza. Msimamizi alikunywa baadaye.

Beni tulipokelewa kwa nyimbo, na kamyoneti ilikuwa imefika kabla yetu. Ilikuwa imebeba vipaza sauti, bango na viti vya wageni wa heshima. Mizigo ilikuwa imeshushwa Maboya asubuhi ile, baada ya sisi kuondoka, ili viti vipate nafasi.

"Itafuata," msimamizi akaniambia, akitafuta kivuli.

Dada alikuwa langoni mwa shule tulikopokelewa tangu asubuhi. Alinikumbatia, kisha macho yake yakashuka mikononi mwangu, yakaenda mgongoni, yakarudi.

"Mama hakutuma kitu?"

Nikaanza kueleza. Mara ya kwanza maishani mwangu nilijisikia nikieleza vibaya.

Koko alikuwa amekwisha kaa chini na kufungua mzigo wake. "Binti yangu ataelewa," akamwambia dada. "Leta chombo." Hatukuwa na chombo. Nikavua fulana, nikafunga shingo na mikono yake, na Koko akachota kwa viganja viwili, akachota tena, mpaka akawa amegawa nusu. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo fulana ile iliwahi kufanya.

"Mwalimu, picha! Triko yako iko wapi?" msimamizi akaita.

"Iko na kazi," dada akamjibu.

Jumamosi tulipanda. Mbegu zilikwisha katikati ya shamba. Mzee akaja, akatembea mpaka pale matuta yalipoishia, akapiga fimbo ardhini. Upande uliopandwa akamwachia dada. Uliobaki mtupu akaupa familia nyingine siku ile ile. Hakuwa mkatili, alikuwa na wakimbizi wengi mlangoni.

Mfuko wa mama ulifika baada ya majuma mawili, umelowa, maharagwe yameota ndani. Dada aliishi na watoto wake kwa nusu shamba misimu mitatu. Nusu ya pili niliipoteza mimi, uwanjani Butembo, kwa kueleza vizuri.